Kisu cha Kukunja Kutoka Kalama

Ukitoka mji wa Machakos kwa barabara ya Wote, hukawii kukabiliana na vilima vya Kalama, vilivyokatwa matuta tangu chini hadi karibu na vilele. Wenyeji huyaita “fanya juu”, kwa kuwa udongo unaochimbwa mtaroni hutupwa upande wa juu wa mteremko. Jina hilo la Kiswahili limekwisha kuingia katika vitabu vya kilimo vya ulimwengu. Tulifika huko likizo ya Desemba, watu watano wa nyumba moja kutoka Mombasa, kumzuru mzee aliyefanya kazi bandarini Kilindini pamoja na marehemu baba yetu.

Alitupokea kwa Kiswahili cha Kimvita ambacho miaka mingi ya bara haikukichuja. Akatutembeza shambani, na kila alipotaka kutuonyesha jambo alitia mkono mfukoni akatoa kisu. Kilikuwa Okapi, cha mpini wa mti mweusi uliopambwa kwa nyota na mwezi mwandamo. Shangazi alipoona mwezi ule alidhani ni kazi ya Waislamu! Kwa hakika visu hivyo vilianza kufuliwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili viuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na vikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Leo hutengenezwa Afrika Kusini. Mzee mwenyewe alikiita kavyu tu, neno la Kikamba la kisu chochote.

Mchana akatuletea jogoo, na kisu akaenda kukinoa nyuma ya nyumba, mbali na macho ya kuku. Yeye ni Mkristo. Adabu hiyo aliiokota Mombasa, akaishika. Kisha akamwuliza baba wa nyumba yetu kama atachinja. Shangazi akatangulia, akaelekea kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu na kuchinja. Tunalitaja hili kwa sababu akina mama wengi wangali wanauliza iwapo chinjo la mwanamke linafaa. Linafaa, na hadithi ya kijakazi wa Kaab bin Malik, aliyemchinja kondoo kwa jiwe kali, ni maarufu.

Lakini habari yetu hasa ni ya kijana wetu wa miaka kumi na mitano. Asubuhi ya pili alishinda kitaluni na mzee akijifunza kubebesha miembe. Mche wa kienyeji hukatwa kichwa, shina likapasuliwa katikati. Kikonyo cha ngowe, embe letu la pwani, huchongwa kama kabari, kikaingizwa katika ufa na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Kisu butu huponda gamba, na gamba lililopondwa halishikani. Mtoto ambaye nyumbani hatulii robo saa alichonga vikonyo hadi Adhuhuri. Kisha akaomba anunuliwe kisu chake.

Tulinyamaza. Katika mtaa wetu mwaka jana kijana wa rika lake alikatwa mkono na wenzake, na tangu siku ile tulikuwa tumeapa kwamba hakuna mtoto wetu atakayetia chuma mfukoni. Baba alikataa katakata. Mama alisema kisu kimekuwa mkononi mwa mtoto tangu asubuhi na hatukuona ila miche. Tulilala bila kuafikiana, na pengine tungerudi hivyo kama mzee hangesema, “Wanangu, mnunulieni, lakini mkiweke nyinyi.”

Siku ya soko tukaenda Kola. Muuzaji alikuwa ametandaza turubai lenye kufuli, tochi, na visu vya kila namna. Mzee alivikunjua kimoja kimoja. Alisikiliza mlio wa kufuli la mgongoni, tak-tak-tak, akatikisa bapa kuona kama linacheza kwenye ribiti, akakikunja tena na kukiinua juani kutazama kama makali yanaingia katikati ya mpini bila kugusa upande. Vitatu akavirudisha. Cha nne alikivuta pete, kikafunguka kwa ulaini. Tuliambiwa shilingi 700, tukatoa 500. Visu vinavyong’aa zaidi vilikuwa nusu ya bei hiyo, na mzee hakuvigusa hata kimoja.

Chuma cha namna hii hupata kutu upesi, na maji ya embe na hewa ya bahari huzidisha. Hukaushwa kila baada ya kazi na kupakwa tone la mafuta. Sisi hutumia ya nazi. Kinapoanza kuwa cheusi si kuharibika, ila kutu nyekundu isiachwe.

Sasa kinalala kabatini mwa mama, na ufunguo uko kwake. Jumamosi baada ya Alasiri hutoka, kijana akakaa nacho uani mbele yetu, kikarudi kabla ya Magharibi. Baba bado hukihesabu kila usiku, ingawa ni kimoja. Kati ya miche mitano aliyobebesha kwa mara ya kwanza, miwili imechipua.