Kilo tano za baruti

Najua nimekuwa kimya. Niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata na bado inakuja, msinichoke. Lakini wiki hii nimepigiwa simu ambayo imenifanya niiweke kando kwanza.

Aliyepiga ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kijana ana biashara ya kuandaa sherehe: arusi, hafla za kampuni, mambo ya kufunga mwaka. "Anko," akasema, "naomba niweke maboksi machache kwako mpaka Desemba. Hayali chakula." Nikamuuliza ni maboksi ya nini. "Fataki tu."

(Ndugu zetu wa Tanzania wakisoma hapa watacheka, maana kwao tangu ile kampeni ya redio, fataki ni mzee anayewawinda wasichana wa shule. Hapa nazungumzia fataki za baruti, zile wengine wanaziita fashifashi.)

Kijana alinipigia mimi kwa sababu anajua historia yangu. Nilikaa Leicester, Uingereza, kuanzia 2016 hadi 2020, nikiandika programu za maghala, na huko ndiko nilikopatwa na ugonjwa wa fataki. Leicester ina Wahindi wengi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, wengine Kenya mwishoni mwa miaka ya sitini, wengine Uganda baada ya Amin kuwafukuza mwaka 1972. Ikifika Diwali, barabara ya Belgrave inawaka taa mwanzo hadi mwisho. Jirani yangu alikuwa mzee aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake kimeshika kutu lakini kinaenda. Diwali ya kwanza alinialika nimsaidie kuwasha fataki nyuma ya nyumba. Nikawasha utambi mmoja, nikarudi nyuma, na boksi likarusha mara 25 mfululizo. Basi, nikaisha hapo hapo.

Uingereza mtu wa kawaida anaruhusiwa kununua fataki za daraja la F2 na F3 akishatimiza miaka 18. Daraja la F4 ni la wataalamu peke yao. Duka la kawaida linauza kwa misimu tu: kuanzia 15 Oktoba hadi 10 Novemba kwa ajili ya usiku wa Guy Fawkes, halafu siku chache kabla ya mwaka mpya wetu, mwaka mpya wa Wachina na Diwali. Kwa hiyo mwenye hobi hii hujifunza haraka kwamba bei nzuri ni ile ya siku za mwisho za msimu, duka linapotaka kumaliza stoku. Unanunua Novemba, unawasha Novemba nyingine. Katikati hapo una miezi 12 ya kuziweka mahali.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na hapa ndipo mimi, mtu wa kompyuta, nilipojiona bingwa. Kanuni za Vilipuzi za 2014 kule zinakuruhusu kuweka hadi kilo 5 bila leseni. Ukipita hapo, unaomba leseni kwa mamlaka ya eneo lako. Kizuri ni kwamba kilo hizo ni za baruti, siyo za boksi. Boksi moja langu lilikuwa na uzito wa karibu kilo 6 ukilibeba, lakini baruti ndani yake ilikuwa gramu 480; kilichobaki ni karatasi, udongo na hewa. Uzito wa baruti umeandikwa kwenye lebo. Nikaandika programu ndogo ya Python, jedwali lenye safu nne: jina, gramu za baruti, tarehe ya kununua, tarehe ya kuwasha. Nikiingiza boksi jipya inajumlisha. Ikipita gramu 5,000 inakataa. Niliipenda programu ile kuliko zile nilizolipwa kuziandika.

Oktoba 2018 jedwali lilisoma gramu 4,610. Halali kabisa! Zilikuwa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, kikavu, kimefungwa kufuli, hakina umeme wala petroli. Mashine ya kukata nyasi ilikuwa humo pia, ila ni ya kusukuma kwa mkono. Nilikuwa nimesoma kila kitu. Kulikuwa na jambo moja tu nililofanya ambalo halikuwa na safu kwenye jedwali langu. Kibanda kilikuwa kidogo, na katoni kubwa zilizokuja na mzigo zilikula nafasi. Nikazivunja, nikatupa makatoni, nikapanga fataki zenyewe kwenye rafu kama vitabu. Ilipendeza macho.

Ngoja nieleze kwa nini huo ulikuwa upumbavu. Kwenye katoni ya fataki kuna alama ya pembe nne, rangi ya machungwa, imeandikwa 1.4G au 1.3G. Tofauti ni kubwa. 1.4G maana yake ni kwamba zikishika moto, madhara kwa sehemu kubwa yatabaki palepale kwenye mzigo. 1.3G ni moto mkali unaoenea. Kuna 1.1 pia, hiyo ni mzigo wote kulipuka kwa pamoja. Sasa, 1.4G hiyo haikupewa fataki ikiwa uchi. Ilipewa fataki ikiwa ndani ya katoni ile, imepangwa vile, imefungwa vile. Katoni ni sehemu ya usalama, siyo takataka. Ukiitupa, namba uliyoinunua nayo umeitupa. Mimi nilikuwa na gramu sahihi za kitu ambacho sikuwa tena na haki ya kukiita 1.4G.

Na kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi. Sikumwambia mke wangu. Sikumdanganya, hapana, nilinyamaza tu. Aliziona zile za Diwali ya kwanza, akadhani ziliisha. Ufunguo wa kibanda ulikaa kwenye mnyororo wangu.

Jumatatu, 5 Novemba 2018. Usiku ule Waingereza wanamkumbuka Guy Fawkes, aliyekamatwa mwaka 1605 akilinda mapipa 36 ya baruti chini ya bunge lao. Ukifikiria sana, nchi nzima inasherehekea mtu aliyeweka baruti mahali pasipofaa. Mimi nilikuwa kazini, tulikuwa na tatizo la seva kwa mteja. Saa mbili na nusu usiku mke wangu akapiga simu. Roketi ya watoto wa nyumba ya tatu ilikuwa imeangukia kochi kuukuu lililotupwa uchochoroni, kochi likawaka, likachoma ua wa mbao. Zimamoto wameshafika, akasema, usijali, wanazima. Akanitumia na picha.

Nitaikumbuka picha ile. Zimamoto wawili wameshika mpira wa maji wakielekea uani, migongo yao imeegemea kibanda changu. Hawakuwa na umbali wa hata mita moja.

Nikamuuliza kwa sauti ambayo hata wenzangu ofisini waligeuka: wamekuuliza kuna nini humo ndani? "Ndiyo, Baba Wambui, wameniuliza. Nimewaambia ni mashine ya nyasi na baiskeli."

Nikamwambia awaite. Sasa hivi, kimbia, waambie ni fataki. Kukawa na kimya kama cha sekunde mbili, halafu nikasikia simu ikiwekwa mezani na mlango ukifunguliwa. Walirudi nyuma, wakawatoa watu wa nyumba yetu na ya mzee wa Kisumu, wakaendelea kumwaga maji kutoka mbali. Ukuta mmoja wa kibanda uliungua ukawa mweusi. Ndani hakukushika kitu. Nilipofika, mzee wa watu alikuwa amesimama barabarani kwa kandambili, baridi la Novemba, amejifunika blanketi. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Wewe kijana, ilikuwa nyingi?" Nikamjibu ni chini ya kilo tano, halali. Akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake ndani.

Mke wangu hakuongea nami siku tatu, na alikuwa na haki.

Siku zile tatu nilisoma sana, ndiyo tabia yangu nikiogopa. Nilisoma juu ya Enschede, Uholanzi, 13 Mei 2000: ghala la fataki la S.E. Fireworks, katikati ya makazi ya watu, lilishika moto likalipuka. Watu 23 walikufa, wanne kati yao zimamoto, na karibu 950 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mzigo ule ilikuwa ya daraja la hatari zaidi kuliko leseni ilivyoruhusu. Nikasoma juu ya shamba la Marlie, Sussex, 3 Desemba 2006, ambako kontena la chuma lenye fataki lililipuka na kuwaua watu wawili wa kikosi cha zimamoto. Yale yalikuwa maghala ya biashara, tani kwa tani, siyo gramu 4,610 za mtu na hobi yake. Lakini mtu mwenye mpira wa maji mkononi anafanya hesabu yake kwa kile alichoambiwa na aliyemkuta mlangoni, na mlangoni kwangu alikuwepo mtu niliyemnyima habari.

Wenzangu wa programu watanielewa nikisema hivi: data yangu ilikuwa safi. Muundo wa jedwali ndio uliokosea. Hakukuwa na safu ya "iko ndani ya katoni yake?" Hakukuwa na safu ya "nani mwingine anajua?" Nilihesabu kile ambacho sheria inakihesabu, nikadhani nimemaliza.

Zile zilizobaki tuliziwasha zote kwa mzee, Jumatano tarehe 7, usiku wa Diwali, kabla ya saa saba maana sheria kule inaruhusu mpaka hapo kwa usiku ule. Mke wangu alisimama dirishani, hakutoka. Sikununua tena kwa bei ya mwisho wa msimu. Miaka miwili iliyofuata nilinunua wiki ya sherehe yenyewe, zikakaa ndani ya katoni zao zilezile, na nilimpa mzee ufunguo wa pili.

Haya, turudi kwa mpwa. Mimi sasa naishi South B, ghorofa ya nne, ngazi moja tu ya kupanda na kushuka. Jikoni nina mtungi wa gesi wa kilo 13, kama ninyi wengi. Nani kati yetu aliye Nairobi amesahau usiku wa 1 Februari 2024 kule Mradi, Embakasi? Gesi ilijazwa katikati ya nyumba za watu, ikalipuka karibu na saa sita usiku. Watu zaidi ya 270 walijeruhiwa, na waliokufa walihesabiwa watatu kwanza, idadi ikapanda siku zilizofuata. Majirani wale hawakuulizwa.

Nikamwambia kijana hapana. Nikamweleza pia kwamba hapa kwetu hakuna hiyo ya kilo tano za Waingereza. Fataki kwetu ni vilipuzi, ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, sura ya 115, na kuziingiza nchini, kuziuza na kuziweka kunataka kibali. Nikamshauri atafute kampuni yenye vibali vyake, ilete mzigo siku ya sherehe, iwashe, iondoke na masalio. Itakula faida yake, najua. Akasikiliza kwa adabu. Halafu akauliza, "Na kule kwa shosho, Murang'a? Store yake ya mahindi ni kavu sana."

Nilikata simu nikampigia mama moja kwa moja. Nikamwambia, mama, mtoto akikuletea maboksi usiyapokee kabla hujaongea nami.

"Yale ya vitabu?" akasema. "Yalifika juzi. Nimeyaweka chini ya kitanda yasilowe."

Naenda Murang'a kesho asubuhi. Ile sehemu ya pili ya hifadhidata itasubiri.