MAMA NA NESI, SEHEMU YA 14: Majibu yako yanakwenda wapi?

Wamama, leo siyo homa wala chanjo. Leo ni yule kijana mwenye fomu.

Ukija kliniki hapa Mpanda, kuna siku utamkuta mwanafunzi wa chuo na maswali yake: mimba ya kwanza ulipata na miaka mingapi, baba wa mtoto alikubali? Miaka kadhaa nyuma nilimsaidia mmoja. Niliwabembeleza wamama wakae naye, wengine wakalia palepale kwenye benchi. Baadaye kompyuta yake ikaibiwa, na nakala hakuwa nayo popote. Akaja mwingine na maswali yaleyale. Mama mmoja akaniangalia: "Nesi, si nilishasema?"

Mpaka leo nikimwona sokoni naona aibu.

Kumbe kuna watu wanaoweza kuzuia hilo, nao ni wa maktaba ya chuo. Mimi nilidhani maktaba ni vitabu na kunyamazishwa. Lakini maktaba iliyojipanga inamkalisha mtafiti kabla hajapanda basi: data utaziweka wapi, nakala ya pili iko wapi, nani ataziona, majina utayatoa lini? Akimaliza anaziacha kwao, mwenzake azitumie bila kukuliza wewe tena.

Inawezekana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ndio ulioonyesha kwamba Katavi asilimia 45 ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Data zake zilitunzwa, watafiti wengine wakaziomba na kuzitumia upya. Na alama za maeneo kwenye ramani zilisogezwa makusudi, vijijini hadi kilometa 5, chache hadi 10, mtu asifike mlangoni kwako.

Hilo nililipenda. Huku kwetu kufuta jina tu hakutoshi. Andika "binti wa miaka 15, mapacha", utaje na kijiji, wote watamjua.

Watafiti wataendelea kuja. Hata SUA wana kampasi mkoani kwetu. Akikaa mbele yako muulize majibu yatakaa wapi na nani atayasoma. Ukikataa, mtoto atapimwa uzito kama kawaida, usiogope.

Mimi sasa nauliza kabla sijamwonyesha mtu benchi. Wiki iliyopita mmoja alinijibu, "Yatakuwa kwenye simu yangu." Nikamwambia aanzie maktaba kwao, kisha arudi.

Sehemu ya 15: degedege.