Ghuba ya Gazi: Wakaao Chini na Waeleao Juu

Anayetoka Mombasa akavuka feri ya Likoni na kushika njia ya Lunga Lunga, hufika Gazi baada ya kilomita 50 hivi, kati ya Ukunda na Msambweni. Wengi hukijua kijiji hiki kwa habari za Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Lakini mwenye kusafiri na watoto asiishie kwenye habari za kale. Na ateremke ghubani maji yanapokupwa.

Hapo ataona mizizi ya mikoko imegandwa na chaza, na tope limejaa matundu ya kaa. Mbele zaidi, penye majani ya baharini, majongoo wa pwani wamelala kimya. Mtu atadhani viumbe hawa hawana shughuli. Shughuli yao huonekana maji yakijaa.

Katika maji hayo mna viumbe vidogo mno ambavyo wataalamu huviita planktoni. Vingine ni vijimea vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Vingine ni vijidudu vinavyokula vijimea hivyo. Havina nguvu ya kushindana na mkondo, huchukuliwa popote maji yaendako. Hata hivyo, riziki kubwa ya bahari imesimama juu yao: dagaa huvila, nguru humla dagaa, nasi twamla nguru.

Chaza hufunua gamba lake, akavuta maji, akazuia vijimea na kuyarudisha maji yakiwa safi. Mwanga hupata njia hadi chini, na majani ya baharini yakamea. Kisichomfaa hukiangusha topeni, kikawa chakula cha minyoo na majongoo. Nao wakilifukua tope, hurudisha majini rutuba iliyozikwa, na rutuba hiyo huotesha vijimea vipya. Basi wa chini humla wa juu, na wa juu hulishwa na wa chini.

Tena baina yao pana nasaba. Kaa jike hubeba mayai chini ya tumbo, na aghalabu usiku wa bamvua huwaachia watoto wake majini. Watoto hao hawana bado sura ya kaa. Huelea wiki kadhaa wakiwa sehemu ya planktoni, wengi wakiliwa, mpaka wachache waliosalia warudi na kuingia topeni. Chaza naye huanza maisha yake akielea, kabla ya kuganda kwenye mzizi asiouacha tena.

Mfungamano huu ukikatika, madhara yake hayafichiki. Katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, wanasayansi hukadiria kwamba chaza wa zamani waliweza kuchuja maji yote ya ghuba kwa muda usiozidi wiki moja. Wakavuliwa bila kiasi, kisha maradhi yakawapunguza zaidi. Kufikia miaka ya 1980 kazi hiyo hiyo ilikadiriwa kuwachukua karibu mwaka mzima. Mbolea na maji machafu kutoka nchi kavu yalipoingia, vijimea vilistawi kupita kiasi, vikafa na kuoza, na kuoza kwake kukamaliza hewa ambayo samaki huvuta majini.

Gazi nayo ilionja hasara yake. Katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwandani, na sehemu za pwani zikabaki vipara. Kazi ya kupanda upya ilianza mwaka 1991, na watafiti wakashuhudia kaa na viumbe wengine wa matopeni wakirejea. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja wa wanakijiji hulinda msitu, na mapato yake ya hewa ya ukaa yamesaidia maji na shule.

Ndugu msomaji, jongoo wa pwani hatumli, huuzwa ng'ambo. Kwa sababu hiyo twaweza kudhani kwamba kumwondoa hakugusi sufuria zetu. Kunagusa. Sisi tuliofundishwa kujiepusha na israfu hata katika maji ya udhu, yatupasa kiasi hicho hicho matopeni: mwenye kukusanya chaza awaache wadogo, wala asikate mzizi; na mwenye mtoto amwoneshe tundu la kaa kabla hajamwonesha bei ya samaki. Mola atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana hii. Amin.