Mstari mmoja Sakania

Katika Kiswahili chetu cha Katanga, kupiga na kupika mara nyingi hutoka mdomoni namna moja. Kwa hiyo mpiga picha aliyekuja kwetu Sakania kupatana bei ya arusi ya dada yangu alipouliza, "Tupike picha ya namna gani?", nilicheka peke yangu. Baadaye niliona hakuwa amekosea sana.

Alituonyesha namna mbili kwenye simu yake. Ya kwanza ilikuwa mistari: jamaa wamesimama mbele ya kanisa, wafupi mbele, wazee kwenye viti, wote wanatazama kamera kama wanasubiri hukumu. Ya pili aliiita reportaji: bibi arusi anafunga kiatu, mtoto ana sosi hadi kwenye masikio, mama mmoja analia na hajui anatazamwa.

Mimi nilishika ya pili, tena kwa maneno ya darasani. Nilikuwa nimetoka kuona *Mémoire* ya Sammy Baloji, kazi ya mwaka 2006 ambamo alichukua watu wa picha za zamani za kampuni ya madini, akawaweka mbele ya viwanda vilivyochakaa vya Lubumbashi. Wengine wamepangwa, wanatazama mbele, wametulia kwa amri. Niliwaambia nyumbani kwamba mstari ni jicho la Union Minière, kwamba mtu huru hapangwi. Dada alinikubalia haraka mno. Nilijisifu.

Sababu yake ilikuwa nyingine. Ukoo wa baba ulitoka Kasai kwa kazi za reli, hiyo iliyovuka mpaka ikafika Sakania mwaka 1909, kabla ya kufika Élisabethville mwaka 1910. Hao ni Baluba, mtoto ni wa baba. Mama ni Mulala wa hapahapa, na kwa Balala mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Baba alikwisha kufa. Basi kando ya bibi arusi atasimama nani, baba mdogo au mjomba? Na mama, ambaye mahari yake haikumalizwa kulipwa, atawekwa wapi? Dada alijua: mwisho wa mstari. Reportaji haina mwisho wa mstari.

Baba mdogo hakupendezwa. "Ba Ndola batajua namna gani kama tulikuwa?" Nusu ya jamaa zake wako ng'ambo, na picha huvuka mpaka na madereva wa malori. Tulimwona mtu wa zamani. Tukalipa dola 150, bila mstari.

Arusi ilifanyika Agosti, na vumbi lake. Wiki mbili baadaye picha 312 zilifika kwenye flashi, na kweli zilikuwa nzuri. Mama alizitazama zote kwenye kompyuta ya kuazima, taratibu, akirudi nyuma.

"Na mimi niko wapi?"

"Uko hapa, mama, unapakua bukari."

"Ile ni mugongo yangu."

Tulihesabu. Alionekana katika picha 11, na katika 9 alikuwa ameinama kwenye sufuria au amegeuka. Mpiga picha hakukosea. Siku ile nzima mama alikuwa jikoni, na reportaji inaonyesha yaliyopo.

Ndipo akafungua sanduku lake akatoa picha moja, imekunjika katikati. Mstari wa ukoo wa baba, mbele ya nyumba za reli. Mama yuko mwisho kabisa, bega moja limekatwa, ana mimba yangu. Baba alipokufa, walikuja watu kudai nyumba, wakasema huyu mwanamke hatumjui. Aliwaonyesha hiyo. Mmoja wao alikuwa amesimama humo, nafasi tatu kutoka kwake. Wakaondoka. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilikuwa nimesoma picha za watu waliopangwa na kampuni, sikuwa nimeuliza kuhusu ile iliyokuwa chini ya vikwembe vya mama.

Dada alilia, kisha akakasirika, akasema basi mama asimame katikati. Mama akakataa.

Tulimwita tena mpiga picha, dola 20, Jumapili ambayo shemeji alipata ruhusa ya kazi. Baba mdogo na mjomba waligombea kiti kimoja karibu nusu saa, hadi jua likaanza kushuka na mpiga picha akatisha kwenda zake. Mwishowe kiti kiliondolewa. Mama alijipeleka mwenyewe pembeni, karibu na ukuta.

"Hapa ndipo nasimamaka," alisema. "Lakini usinikate bega."

Gauni lilikuwa limekwisha rudishwa kwa waliolikodisha, kwa hiyo katika picha hiyo dada amevaa kikwembe. Mjomba amefumba macho. Nakala moja ilikwenda Ndola na lori, nyingine mama ameitundika sebuleni.