Nilikwenda Jozani na Waliosoma na Mama, Nikarudi na Mama Mwengine

Najua hapa mmezoea niwaletee habari za mastaa, nani kaachana na nani, nani kavaa nguo ya kuazima kwenye harusi. Leo staa ni mmoja tu na Instagram hayupo. Ni Mama yangu. Nimemwomba ruhusa kabla sijaandika, akanijibu, "Andika, lakini jina langu usitie, na la mwenzangu yeyote usitie." Kwa hiyo majina hamtoyapata, msinisumbue.

Kwanza niwape historia kidogo. Mie nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2016. Nikapata daraja la nne, pointi 33. Kwa asiyejua hesabu hizo, ningeongeza pointi moja tu ningekuwa nimepata sifuri. Na matokeo yenyewe si yanawekwa mtandaoni? Mtu yeyote mwenye bando na namba yako ya mtihani anakusoma kama gazeti. Mpaka muuza duka wetu alijua.

Mama hakunipiga wala hakunitukana. Alinifanyia jambo baya zaidi: alianza kunihadithia waliosoma naye. "Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja leo daktari. Yule mwengine yupo Maskati, ana jumba lake. Yule mwengine kaolewa Ulaya. Sie tulisoma kwa kibatari, hatukuwa na intaneti wala hiyo tuisheni, na tukafaulu." Jamani, hiyo "tukafaulu" nimeisikia miaka saba! Nikichelewa kuamka, tukafaulu. Nikiunguza wali, tukafaulu. Nilipoanza kublogu, Mama aliniangalia na simu yangu akasema, "Sie tulishika kalamu." Nikawa nawachukia hao watu hata sijawaona.

Basi mwaka 2024 wakafikisha miaka 30 tangu darasa lao limalize. Kuna mmoja kawakusanya kwenye grupu la WhatsApp, wakatafutana mpaka wakapatikana kama ishirini hivi. Nyie, kelele za lile grupu! Saa kumi alfajiri dua, saa mbili picha za maua, usiku sauti za dakika nne nne, mtu anacheka tu. Mwisho wakaamua wakutane ana kwa ana. Mahali wakachagua Jozani, kwa sababu wengine wanaishi mjini na wengine bado wako Paje na Jambiani, na Jozani ipo njiani kwa wote.

Mama akakataa. Mara ya kwanza akasema ana harusi. Mara ya pili mguu unamuuma. Mara ya tatu hakutoa sababu, aliizima simu akaiweka chini ya mto. Mie nikajua ni mambo ya nguo, kwamba anaona haya kukutana na madaktari na matajiri huku yeye anauza maandazi na visheti pale mtaani. Nikamshonesha baibui jipya kwa pesa zangu za matangazo. Nikamwambia, "Mama, mie nakwenda na wewe. Nataka niwaone hao waliofaulu." Nilisema kwa kejeli kidogo, sikatai. Akaniangalia sana, kisha akasema, "Haya, twende."

Tukapanda gari ya Jambiani, namba 309. Kutoka mjini mpaka Jozani ni kama kilomita 35, unapita Tunguu, kisha njia inaanza kuwa ya miti na upepo unabadilika. Mama huwa msemaji kwenye gari, mpaka konda humjua habari zake. Siku hiyo kimya. Ukikaribia msituni utaona matuta ya barabarani, yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawagonga sana kima punju wakivuka. Gari likapunguza mwendo, na kweli, kima wawili wakawa wamekaa pembeni na migongo yao mekundu, wanatutazama sisi kama sisi ndio maonesho. Mama ndo akacheka kwa mara ya kwanza.

Sasa tumefika. Nyie, nimeshahudhuria uzinduzi wa albamu, nimeshahudhuria harusi za watu wakubwa, sijaona watu wanafurahi vile. Wanawake wa miaka arubaini na kitu wanarukaruka kama watoto wa madrasa. "We! Si wewe uliyekuwa unakula chaki?" "Toka hapa, na wewe je, uliyejikojolea siku ya mkaguzi!" Mie nikawa natoa shikamoo mpaka shingo ikauma.

Nikawatafuta mashujaa wangu. Nikamwuliza Mama kwa sauti ya chini, "Daktari ni yupi?" Akanionesha mama mmoja mfupi, mcheshi, ana miwani. Nikamfuata, nikamsalimia, "Shikamoo Anti Daktari." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Daktari nani mwanangu? Mie mkunga. Miaka ishirini na nane nazalisha, na mgongo umekwisha."

Nikasema haya, labda hapo Mama kachanganya. Nikaenda kwa yule wa Maskati mwenye jumba. Huyo kweli katoka Omani, yupo likizo, na kaleta tende na halua. Lakini jumba si lake. Alipika kwenye nyumba ya watu miaka kumi na moja, pesa ikajenga vyumba vitatu kwao Jambiani, na chumba kimoja mpaka leo hakijapigwa plasta. Alinieleza mwenyewe bila haya yoyote. Na yule wa Ulaya ni baba mmoja mchangamfu, miaka ya tisini alikuwa anatembeza watalii ufukweni, akaoa Mjerumani, wakaachana, akarudi. Ana binti huko ambaye wanaongea kwa video kila Jumapili, na Kiswahili binti hajui.

Wadau, nilisimama pale nikajihisi nimepigwa changa la macho. Miaka saba nachapwa kwa fimbo ambayo haipo.

Kabla ya kuingia msituni wakasomewa Fatiha waliotangulia mbele ya haki. Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa ndani ya Spice Islander, ile meli iliyozama Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mkunga akasema alikuwa ndo mcheza netiboli bora wa darasa. Hapo hakuna aliyecheka tena kwa muda.

Tukaingia. Kama hujafika Jozani, nenda, acha kusubiri mpaka upate mgeni wa kumpeleka. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na hao kima punju duniani kote hawapo porini isipokuwa hapa Zanzibar. Muongozaji akatueleza kwamba hawana dole gumba kama letu, na kwamba wanapenda majani na matunda mabichi, mabivu yanawasumbua tumbo. Wakati mwengine hula mkaa kutuliza tumbo. Yule baba wa Ujerumani akasema, "Hana dole gumba? Basi huyu hawezi kutuma sauti kwenye grupu, Alhamdulillah."

Tulipotoka kupumzika kivulini, mmoja akatoa bahasha. Ndani mna picha ya darasa lao la kidato cha nne, 1994, wamepiga wiki chache kabla ya mtihani. Imekunjika, imeliwa pembeni, lakini sura zinaonekana. Ikapita mkono kwa mkono. Ikafika kwangu. Nikamtafuta Mama mstari wa mbele, hayupo. Wa kati, hayupo. Wa nyuma nikahesabu kichwa kimoja kimoja.

Nikauliza kwa sauti, maana mie sina breki, "Mama, wewe uko wapi hapa?"

Watu wote wakanyamaza. Mkunga akajifanya anafunga hotipoti la pilau. Wa Maskati akaangalia juu kutafuta kima. Mama akasema, "Siku ile nilikuwa naumwa." Na hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Nikaona kabisa kwamba wote wanajua kitu, na wote wamekibana mdomoni.

Baadae tukaenda kwenye mikoko, kule kwenye njia ya mbao inayopita juu ya maji. Njia ni nyembamba, mnatembea mmoja mmoja. Mama akabaki nyuma makusudi, na mie nikabaki naye. Akashika ukingo, akaongea huku anaangalia mizizi, si mie.

"Mie sikufanya mtihani. Sikufika hata kidato cha nne. Niliacha cha tatu."

Nikanyamaza.

Akaniambia habari ya mwani. Kwao ni Paje, na mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989. Kabla ya hapo mwanamke wa pwani alikuwa na makumbi ya kusokota kamba, pweza wa kuchokoa, na basi. Ghafla kuna pesa, ndogo lakini ya mkononi. Babu alipofariki 1993, Bibi akabaki na watoto watano na kamba za mwani ambazo peke yake haziwezi. Mama ndo mkubwa.

"Bamvua likifika, maji yanatoka saa nne, saa tano asubuhi," akasema. "Huwezi kuyaambia yasubiri kengele ya skuli. Mwanzo nilikosa siku mbili. Halafu wiki. Halafu nikaona haya kurudi, maana hesabu zimeshanipita. Mwalimu alikuja nyumbani mara moja. Bibi yako akamwonesha watoto, akamwambia chagua mmoja asiyekula."

Kwa mwani huo wadogo zake wanne walisoma wakamaliza. Yeye alikuwa anakutana na wenzake njiani wamevaa sare, yeye kalowa mpaka kiunoni, na gunia kichwani.

Nawaambia ukweli wangu, huruma haikuja mwanzo. Mwanzo zilikuja hasira. Nikamwambia, "Miaka saba Mama. Miaka saba unaniambia mlifaulu. Mie nimelia chooni kwa ajili ya hiyo tukafaulu." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, na muongozaji kule mbele akageuka.

Mama akasema, "Nilijua ungeacha kunisikiliza. Mtu ambaye hakusoma atamwambia nini mtoto aliyefeli?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Tukatembea mpaka mwisho wa mbao bila kusema.

Wakati wa kula wakakaa duara na ikawa zamu ya kila mtu kusimama kusema maisha yalivyokwenda. Ilipofika kwa Mama nikaangalia chini. Nilikuwa tayari kumsikia akidanganya tena na nilikuwa tayari kunyamaza kama wenzake walivyonyamaza. Akasimama, akarekebisha lile baibui jipya.

"Nyie mnajua sikumaliza. Aliyekuwa hajui ni huyu, na leo kajua. Nauza maandazi, nimelea watoto watatu. Katika nyumba yangu mwenye cheti cha kidato cha nne ni huyu mwanangu hapa. Cha pointi 33, lakini cheti."

Watu wakacheka, na mie nikacheka huku machozi yananitoka, picha zipo, sizipandishi. Mkunga akasimama bila zamu yake. Akasema siku anakwenda kwenye usaili wa chuo cha uuguzi hakuwa na nauli ya kwenda mjini. Mama alimkuta barabarani, akafungua fundo la kanga, akampa pesa ya mwani aliyouza siku ile. Mama akasema hakumbuki. Mkunga akamwambia, "Wewe usikumbuke. Mie nakumbuka."

Sasa msidhani tumerudi nyumbani tukiwa malaika. Kuna siku bado nakumbuka zile tukafaulu na moyo unakaza. Na yeye juzi kaanza, "Sie zamani..." akaniona namwangalia, akakatiza, akaniomba nimpitishie sukari. Lakini asubuhi sasa naamka kukanda unga naye, na nimemwuliza mambo ambayo sikuwahi kumwuliza. Kwa mfano sikujua kwamba somo alilokuwa akilipenda ni jiografia, na kwamba mpaka leo anaweza kuchora ramani ya Afrika bila kuangalia. Alinichorea kwa kidole kwenye unga, na nchi alizitaja kwa majina ya wakati ule.

Wakati tunarudi kwenye gari siku ile, tumeshapita matuta ya kima, nilidhani kasinzia begani kwangu. Kumbe yupo macho. Akaniuliza taratibu, "Hivi ule mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea, siku hizi wanalipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia nitaulizia. Sikumwuliza kama anauliza kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Haya wadau, na nyie mkamwulize Mama au Baba picha ya darasa lao iko wapi. Mkija na majibu, tupieni hapo chini, ila majina msitie.