Akija mtunzi mpya, Doctor Who anapoteza kwao kwa namna nyingine

Leo tupumzike kidogo na habari za barabara na bei ya unga. Nataka kuwaambia juu ya filamu moja ya mfululizo ya Uingereza ambayo nimeifuata miaka mingi kwenye kompyuta ya kuazima. Inaitwa Doctor Who. Ilianza kwenye televisheni ya BBC tarehe 23 Novemba 1963, ikasimama mwaka 1989, ikarudi 2005.

Mhusika mkuu anaitwa Daktari tu. Anatoka sayari ya mbali, Gallifrey. Anasafiri katika nyakati na nyota ndani ya sanduku la bluu lenye sura ya kibanda cha polisi wa zamani. Kwa nje ni dogo, kwa ndani ni kubwa kuliko nyumba. Akikaribia kufa, mwili unageuka, anakuwa mtu wa sura na tabia nyingine. Ndiyo maana waigizaji wanapokezana na filamu haifi.

Lakini anayeibadilisha zaidi ni mtunzi mkuu, yule anayeamua habari iende wapi na nani aandike nini. Ni kama mwalimu wa kwaya: waimbaji wanaweza kubaki walewale, ila akija mwalimu mpya utasikia tofauti tangu wimbo wa kwanza. Mimi ninawapima watunzi hao kwa jambo moja: wanasema nini juu ya nyumbani kwa Daktari?

Russell T Davies, aliyeirudisha filamu mwaka 2005, alisema Gallifrey imeteketea katika vita kubwa, Daktari akabaki peke yake. Katika Daktari huyo niliona watu ninaowafahamu: anacheka sana, anasaidia kila mtu, lakini ukimuuliza habari za kwao anageuza mazungumzo.

Mwaka 2010 kazi ikashikwa na Steven Moffat. Katika filamu ya kutimiza miaka 50, mwaka 2013, alionyesha kwamba Gallifrey haikuteketea, ilifichwa. Daktari akapata pa kutafuta.

Mwaka 2018 akaja Chris Chibnall, na Jodie Whittaker akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya Daktari mkuu. Chibnall aliiangusha Gallifrey tena, akaongeza jambo zito zaidi: Daktari hakuzaliwa pale. Ni mtoto aliyeokotwa, wala hajui alitoka wapi.

Wapenzi wengi wa filamu walikasirika. Walitaka mtunzi anayefuata afute yote. Davies aliporudi mwaka 2023, hakufuta. Alimwacha Daktari aseme wazi kwamba yeye ni mtoto wa kulelewa, akampa mwenzake wa safari, Ruby, msichana aliyeachwa kanisani akiwa mtoto mchanga. Jeraha alilolifungua mtunzi mmoja, mwingine aliligeuza kuwa urafiki.

Aliyeigiza Daktari huyo ni Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali mwaka 1992, ambaye jamaa yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya 1994 ikapata makao Scotland. Sisi wa Kivu tunaukumbuka mwaka ule, watu walivyovuka mpaka kuingia Goma na Bukavu. Kwa hiyo anapolia kwa ajili ya sayari iliyopotea, mimi sioni mambo ya nyota tu.

Katika kambi na katika jamaa zinazopokea wahamaji kuna watoto ambao hawajawahi kuona kijiji ambacho wazazi wao wanakitaja. Wanauliza: kwetu ni wapi? Babu anasema kule kuliungua, hakuna kitu. Mama anasema mashamba yapo, yanatungojea. Kijana aliyezaliwa chini ya hema anasema yeye hajui anatoka wapi. Majibu hayo matatu yote yamo katika filamu hii, na kila mtunzi alishika moja.

Kazi nzuri ya mtunzi mpya niliyoiona ni kuendelea pale mwenzake alipoishia, hata kama mwenzake alisema jambo chungu. Nasi wazazi tunaweza. Babu akisema kijiji kiliungua, tusimnyamazishe mbele ya watoto. Akimaliza, tuwape watoto jina la mto, jina la mlima, na jina la yule aliyepanda miti ya avoka nyuma ya nyumba.