NIMWEKEE MTOTO MUZIKI GANI? (Sehemu ya 9)



Swali hili naulizwa sana kliniki. Leo nawajibu kwa habari ya hapa hapa Bagamoyo.

Mnamkumbuka mzee Hukwe Zawose? Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Nyerere aliupenda muziki wake akamleta Dar, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa hapa kwetu, TaSUBa ya leo. Alipiga ilimba na zeze, na sauti yake ilipanda na kushuka mpaka unadhani wanaimba watu wawili. Mwaka 1996 lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, Chibite. Mwaka 2002 ikaja Assembly, akiwa na mpiga gitaa Michael Brook.

Alifariki Desemba 2003, lakini muziki haukuzikwa naye. Mwaka 2017 mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji, mapigo ya Kigogo yakichanganywa na midundo ya kisasa. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, The Zawose Queens, wakatoa Maisha.

Hapo tusimame kidogo. Wanawake wa Kigogo wana ngoma yao, muheme, lakini ilimba na zeze vilihesabiwa vya wanaume. Wanawake kwenye kundi waliitikia nyuma. Leo Pendo na Leah wako mbele. Ujuzi huo hawakuutoa mbali, walikulia kwenye familia inayoimba kila siku.

Sasa wewe mama. Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito mtoto tumboni anasikia. Akizaliwa tayari anaijua sauti yako. Kwa hiyo:

👉 Mwimbie mwenyewe, wakati wa kumwogesha, kumnyonyesha, kumlaza. Usiseme "sauti yangu mbaya", kwake hakuna nzuri kuliko hiyo.

👉 Usimlaze karibu na spika kubwa, iwe harusini au nyumbani. Masikio yake bado machanga, na yakiumia hayarudi.

👉 Binti akigonga sufuria, usimwambie "ngoma za wavulana hizo". Mwachie mwiko.

Simu itamchezea nyimbo za dunia nzima, sawa. Ila za kwenu, usipomwimbia wewe nani atamwimbia?

Bibi yako alikubembeleza kwa wimbo gani? Niandikie hapo chini, na uutaje ni wa wapi. Usiku mwema ❤️